Askofu Edward Steere na Elimu Yake ya Kiyunani



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mzazi mmoja alinisimamisha chini ya mwembe wa kanisa akaniomba niseme na binti yake. Binti amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na sasa anataka kwenda Chuo Kikuu kusoma historia ya kale na akiolojia. Anataka kujua habari za Wagiriki na Warumi, na mabaki ya miji ya kale ya pwani yetu. Baba yake amekasirika. Anasema hakuuza kiwanja chake cha Mlandizi ili mtoto akasome habari za watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita. Wenzake wanasomea uuguzi na uhasibu, yeye anakwenda kufukua makaburi.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana mimi mwenyewe ni mwalimu wa Daraja A, niliyesoma chuo cha ualimu tu. Sijapata kukaa katika darasa la chuo kikuu, wala sijui Kiyunani ila zile herufi mbili, Alfa na Omega, zilizochorwa juu ya mshumaa wa Pasaka. Nilimwahidi jambo moja, kwamba nitaandika katika jarida letu habari za mtu aliyesoma mambo hayohayo ya watu waliokufa, na ambaye kila Jumapili sisi sote tunakula matunda ya masomo yake. Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mwaka huohuo mjini London kilifunguliwa chuo kipya kiitwacho University College. Siku zile mtu asiyekuwa Mwanglikana hakuweza kupata shahada Oxford wala Cambridge. Chuo hiki kipya kilipokea watu wote, Wayahudi, Wakatoliki na wengineo, wala hakikufundisha dini yoyote. Kwa hiyo wachamungu wengi walikichukia, wakakiita chuo kisicho na Mungu. Huwa nacheka kidogo nikikumbuka kwamba Askofu wetu alitoka huko. Tena Misheni yetu iliitwa ya Vyuo Vikuu kwa sababu ya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, na London haimo katika hesabu hiyo.

Steere alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1847, akiwa kijana wa miaka 19. Enzi hizo huwezi kupata shahada ya sanaa ya London bila kushinda mtihani wa Kiyunani na wa Kilatini. (Biblia yetu huwaita Wagiriki kwa jina la Wayunani, nami nimezoea hivyo.) Profesa wa Kiyunani pale chuoni alikuwa Henry Malden, aliyeshika kiti hicho tangu 1831 mpaka 1876. Masomo yenyewe hayakuwa ya mchezo. Kijana aliyasoma mashairi ya Homeri, historia ya Wayunani na Warumi, hotuba za wanasheria wa Roma na vitabu vya wenye hekima. Hakusoma kwa kupitisha macho tu. Kila sentensi aliivunja vipande, akaeleza kila neno limesimama wapi na kwa nini, kisha akaigeuza kwa Kiingereza. Halafu alipewa Kiingereza akigeuze kwa Kilatini. Mwenye kufanya kazi hiyo miaka minne mitano, hata akisahau hadithi zote, hawezi tena kusoma sentensi ya lugha yoyote kwa uvivu.

Katika vitabu hivyo hakukutana na mema tu. Wayunani wa Athene walianzisha utawala ambamo raia walipiga kura wenyewe, lakini wanawake hawakuhesabiwa, na kazi nyingi za mashamba, za nyumbani na za machimbo zilifanywa na watumwa. Aristotle, mwenye hekima mkubwa, aliandika kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Roma nayo iliteka watu kwa maelfu. Nawaomba mlikumbuke neno hili, maana tutalirudia tutakapofika Mkunazini.

Baada ya hapo Steere alisoma sheria, akapata shahada ya pili mwaka 1848, na udaktari wa sheria mwaka 1850 pamoja na nishani ya dhahabu. Akaandikwa kuwa wakili. Angeweza kukaa London akatajirika, lakini kazi ya mahakama haikumridhisha moyo. Akawa anatumia muda wake kwa maskini, hata akajaribu kuanzisha udugu wa kitawa huko Tamworth. Udugu ule haukudumu. Mwaka 1856 akapewa ushemasi, na mwaka 1858 ukasisi, akatumika Skegness, mahali pa wavuvi. Wavuvi walimpenda kwa sababu alikunja mikono ya shati akafanya kazi, na mahubiri yake yalieleweka. Mwaka huo wa 1858 alioa. Alitoa pia maandiko ya Askofu Butler, akayatengenezea maelezo, na aliandika kitabu juu ya mateso ya Wakristo wa kwanza chini ya Makaisari wa Roma. Basi ninyi mnaodhani kwamba masomo ya Roma hayana kazi kanisani, hapo ndipo yalipoanza kuingia.

Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer aliwekwa kuwa Askofu, atumwe Afrika ya Kati baada ya kifo cha Askofu Mackenzie. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi, mwaka mmoja au miwili, kisha arudi parokiani kwake. Mkewe alibaki Uingereza, kwa kuwa afya yake haikuruhusu. Safari hiyo ya kumsindikiza rafiki iligeuka kuwa kazi ya karibu miaka ishirini. Mimi siwezi kuisifu sehemu hii bila kusita. Wako wake wengi waliolipia Injili yetu bila kutajwa katika orodha ya watakatifu wala ya mashujaa, na Bibi Steere ni mmoja wao.

Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi, mambo yakashindikana, wakaamua kuanza upya Unguja. Walifika tarehe 31 Agosti 1864. Muda si mrefu Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wa hao watano ni John Swedi, ambaye baadaye, mwaka 1879, alipewa ushemasi. Hiyo ndiyo mbegu ya shule ya Kiungani. Nasi tunaokaa Kisarawe tunajua mbegu ile iliishia wapi. Mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani kikaletwa Minaki, hapa milimani kwetu, na ndiyo Minaki ambayo leo ni sekondari ya Serikali.

Sasa fikirini hali ya Steere siku zile. Ana watoto watano wasiosikilizana naye, na pengine wao kwa wao hawasikilizani vizuri, maana wameteka kila mmoja kwao. Mjini wanasema Kiswahili. Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu vipo, tena vya mashairi makubwa, lakini yeye hawezi kuvisoma. Dakta Krapf alikwisha kuandika sarufi, lakini ya Kimvita cha Mombasa. Basi Steere akaanza kuzunguka mjini na karatasi, anauliza, anaandika, anarudi kusoma aliyoandika, anasahihishwa.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na sita katika shule za msingi za Kisarawe na Kibaha. Katika Kilatini neno hubadilika mkiani. Mtumwa ni servus. Ukisema nimemwona mtumwa inakuwa servum. Ukisema wa mtumwa inakuwa servi. Mzungu aliyefundishwa hivyo hutazama mkia wa neno. Akija kwetu anatazama mkia na kuona haubadiliki, anadhani lugha yetu haina sarufi. Wako wengi waliodhani hivyo na wakaenda zao. Steere aliona kwamba kwetu mabadiliko yako mbele. Kitabu kikubwa kimeanguka, vitabu vikubwa vimeanguka: ile ki na ile vi zinakwenda zikishikana mikono toka mwanzo wa sentensi mpaka mwisho. Aliyezoea kuuliza kila neno limesimama wapi hakushindwa kuliona hilo. Akaziweka ngeli katika mpango, akaonyesha jinsi kitendo kimoja kinavyozaa vingine: piga, pigia, pigana, pigisha, pigwa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwishoni mwa miaka ya sabini, mkufunzi wetu alichora ngeli ubaoni siku nzima na sisi tukisinzia kwa joto. Hakuna aliyetuambia kwamba jedwali lile lina historia. Kitabu cha Steere cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, pamoja na mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, alizozipokea kwa vinywa vya watu wa Unguja. Alikwisha kurudi Uingereza mwaka 1868, akawa anavitengeneza vitabu hivyo kijijini kwake Little Steeping. Mwaka mmoja kabla, 1869, alichapa kijitabu kidogo chenye mifano ya maneno ya lugha tatu ambazo hazijapata kuandikwa vitabuni: Kingindo, Kingazija na Kizaramo. Ndiyo, wasomaji wangu, Kizaramo! Babu zetu wa Kisarawe walikuwa wanatajwa katika kitabu cha London kabla ya Mjerumani kufika na bendera yake.

Alitumia herufi za Kirumi, kama Krapf alivyofanya, kwa kuwa herufi za Kiarabu haziandiki irabu zetu zote kwa wepesi. Namna ya kuandika tunayoitumia leo katika magazeti na katika daftari la mahudhurio ya Ushirika haiko mbali na yake. Baadaye, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kazi ya Steere na wenzake ilikuwa sababu moja kubwa. Watu wa Mombasa na Lamu, wenye mashairi ya zamani kuliko yetu, hawakufurahi, nami siwalaumu. Wala Kizaramo hakikupata kitabu cha sala cha namna hiyo. Faida ya mmoja ilikuwa na gharama kwa mwenzake.

Tena haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenyewe aliwashukuru waziwazi waliomfundisha. Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja, aliyefariki mwaka 1896. Sheikh huyu alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kizuri na safi kadiri alivyoweza. Walibishana juu ya dini, na kila mmoja akabaki na imani yake, lakini sheikh hakumnyima lugha. Katika vitabu vyetu vya sala jina lake halimo. Nimeona vema niliandike hapa.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka huo tufani kubwa ilipiga kisiwa mwezi wa Aprili, ikabomoa nyumba na mikarafuu. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko lile la Mkunazini, na sehemu ya ardhi ya jirani ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Kwanza wakasali katika banda la makuti. Siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Tarehe 24 Agosti 1874, Steere akawekwa kuwa Askofu huko Westminster Abbey.

Kanisa la Mkunazini wengi wenu mmeliona. Walioonyesha njia huwa wanapenda kuwaonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na mafundi wakati Askofu hayupo. Ni kichekesho kizuri, lakini mimi naomba siku nyingine mtazame juu. Paa lile ni kuba refu kama pipa lililopasuliwa nusu, nalo limemiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti. Watu wa mjini walikwenda kulitazama wakisubiri lianguke. Warumi ndio waliokuwa mabingwa wa kujenga hivyo, kwa chokaa na kokoto. Jengo lao la Pantheon mjini Roma, la karne ya pili, lingali limesimama na kuba lake. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, anachanganya, anapima, anawafundisha vijana. Ibada ya kwanza ndani ya kanisa ilifanyika siku ya Krismasi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash aliwapa saa ya mnarani, kwa sharti kwamba mnara usizidi jumba lake.

Lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa mezani. Steere alikuwa anafasiri Agano Jipya, nalo liliandikwa kwa Kiyunani. Hapo ndipo yale masomo ya ujana yalipodai malipo yake. Mtu anaweza kufasiri kutoka Kiingereza, na wengi wamefanya hivyo, lakini hapo anafasiri alichokwisha kuchagua Mwingereza. Steere aliweza kuyafikia maneno yenyewe.

Nawapa mifano michache niliyoelezwa na padre mmoja aliyesoma Kiyunani, kutoka Biblia tunayoisoma sasa. Katika Yohana mlango wa tatu, Bwana anazungumza na Nikodemo juu ya upepo na juu ya Roho. Kwa Kiyunani ni neno moja, pneuma, kwa hiyo msikilizaji anasikia yote mawili kwa mara moja. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua, hapa upepo, pale Roho. Kuna kitu kinachopotea, na hakuna ujanja wa kukizuia.

Lakini mahali pengine Kiswahili kinatoa kisichokuwamo. Fungueni mwanzo wa Waraka kwa Warumi. Mtume Paulo anajiita kwanza doulos wa Kristo, kisha anajiita apostolos. Kwa Kiyunani maneno hayo hayana undugu wowote. Doulos ni mtumwa, yule anayeuzwa sokoni. Kiingereza mara nyingi kimelainisha kikasema mtumishi. Kwetu limeandikwa mtumwa, na apostolos limeandikwa mtume. Mtumwa na mtume! Mzizi ni mmoja, tuma. Sasa jiulizeni, nani walikuwa wanakaa katika mabenchi ya Mkunazini kulisikia likisomwa? Walikuwa watu waliotolewa katika majahazi. Wengine walipandishwa bei katika uwanja uleule. Mfasiri aliyesoma kwa Aristotle kwamba kuna watu waliozaliwa kuwa watumwa, alisimama mahali ambapo maneno yale yalitekelezwa kwa shilingi na viboko, na akawa na kazi ya kuchagua neno. Neno gumu halikufichwa. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote na sijaona darasa la sarufi zito kuliko hilo.

Mfano wa tatu ni wa kwetu Uzaramo. Yule afisa wa jeshi la Roma aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa, Biblia yetu humwita akida. Ni neno sahihi, mkuu wa kikosi. Ila bibi yangu mzaa baba, aliyesimuliwa na wazazi wake habari za maakida wa Kijerumani waliokusanya kodi na kuwasukuma watu katika mashamba ya pamba kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905, hakuweza kusikia somo hilo bila kuguna. Akida akawa mwema? Hakulikubali mpaka alipokufa.

Mara nyingine nawaza kwamba Wayunani na Warumi walikwisha kufika kinywani mwetu kabla ya Steere. Askofu ni episkopos, yaani mwangalizi, limepita kwa Waarabu likafika kwetu. Injili vivyo hivyo. Kalamu, kanuni na almasi ni za Kiyunani. Dinari waliyolipwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu ni fedha ya Kirumi. Sabuni ni ya Kilatini, na meza tumeipata kwa Wareno walioirithi kutoka Kilatini. Hata bidhaa zao zilifika. Mfanyabiashara mmoja Myunani wa Misri, katika karne ya kwanza, aliandika kitabu cha safari za pwani hii, akataja soko la mwisho liitwalo Rhapta, lenye jina la mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba. Wataalamu hulitafuta mpaka leo. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza ushanga wa Kirumi uliopatikana katika delta ya Rufiji, yaani katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani. Binti wa rafiki yangu alinitajia jambo hilo yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa silijui.

Turudi kwa Askofu. Hakuwa mtu wa kukaa na kamusi tu. Mwaka 1876 aliongoza kwa miguu kutoka Lindi watu wapatao 55, wanaume na wanawake waliowekwa huru, waliotaka kurudi kwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakapenda mahali, wakakaa. Ndiyo asili ya Kanisa la Masasi. Alikuwa na kiwanda cha kupigia chapa, na vijana wa Misheni walipanga herufi moja moja kwa mikono yao. Naye alikuwa akisahihisha. Misheni iliendelea kutoa vitabu vya namna hiyo hata baada yake, pamoja na hadithi za Esopo na za mashujaa wa Kiyunani kwa Kiswahili. Huyo Esopo naye, kwa masimulizi ya zamani, alikuwa mtumwa.

Jambo moja alilishika sana, kwamba vijana wa Kiungani wasigeuzwe kuwa Waingereza weusi, bali wafundishwe kwa lugha wanayoielewa. Mzungu wa enzi ile, mwenye nishani ya dhahabu na Kilatini chake, angeweza kuwadharau. Yeye aliona kwamba mtu aliyesumbuka kujifunza lugha ya watu wengine hana haki ya kuwanyang'anya wao ya kwao. Sikusema hakuwa na makosa. Aliamini, kama wenzake wa siku hizo, kwamba Mzungu ndiye atakayeongoza kwa muda mrefu, na muda huo ulirefuka kupita kiasi: Mwafrika wa kwanza wa Misheni kupewa ukasisi, Cecil Majaliwa, alipewa mwaka 1890.

Mapema mwaka 1882 Steere alikwenda Uingereza akiwa amechoka sana. Waliomwona walimsihi apumzike. Akarudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache tu baada ya kufika, tarehe 27 Agosti, akafariki, akiwa na umri wa miaka 54. Walimzika nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga, chini ya paa ambalo watu walisema litaanguka.

Agano Jipya lote la Kiunguja lilitolewa na Chama cha Biblia mwaka 1883. Agano la Kale liliendelezwa na Archdeacon Hodgson na wengine, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Ile ya Muungano, iliyopatanisha Kiunguja na Kimvita, ilikamilika mwaka 1952, nayo ndiyo iliyoko juu ya mimbari yetu, jalada limetoka na limeshikiliwa kwa gundi.

Baba wa binti yule nimemwahidi nakala ya jarida hili. Binti mwenyewe ameniletea karatasi aliyoandika herufi zote za Kiyunani, ishirini na nne, na matamshi yake pembeni. Mpaka leo nimefika ya tisa.